Bujumbura: duka la dawa na uzito wa dereva

Lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Bujumbura hupita mizani kadhaa, ikiwemo ya Vigwaza, kabla ya kuvuka mpaka wa Kabanga na Kobero. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, lori na mzigo wake visizidi tani 56. Dereva mwenyewe, anayekaa kwenye usukani kutwa na kula chipsi usiku, hapimwi na mtu.

Mahali rahisi pa kuanzia ni duka la dawa. Halihitaji miadi, na mfamasia mwenye mizani, futi na mashine ya presha anaweza kukueleza mengi kwa dakika kumi. Tuchukue mtu wa kilo 92 mwenye urefu wa mita 1.70. Gawanya kilo kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, utapata karibu 32. Kuanzia 30, wataalamu wanahesabu kuwa ni unene wa kupindukia. Kiuno cha mwanaume kikizidi sentimita 102, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huwa kubwa. Mtu huyo si lazima arudie umbo la ujanani: akipunguza kilo tano tu, presha na sukari kwa kawaida huanza kushuka. Chupa moja ya Primus ya sentilita 72 ina kalori karibu 300, kwa hiyo hesabu inaweza kuanzia hapo.

Mfamasia mzuri pia atauliza unatumia dawa gani nyingine, maana zipo zinazoongeza uzito. Presha ikiwa juu, atakutuma kwa daktari kabla ya kukuuzia chochote.

Tatizo ni kwamba wateja wengine wanataka kinyume chake. Katika ukanda wetu, Kongo ikiwemo, mwili mnene bado ni dalili ya neema, na watu hununua siproheptadini na deksamethasoni ili wanenepe. Ya kwanza ni dawa ya mzio inayoleta njaa, na pia usingizi. Dereva aliyeimeza hafai kushika usukani. Ya pili hujaza maji mwilini, hupandisha sukari na presha, na kuiacha ghafla baada ya kuizoea ni hatari. Muuzaji anayezitoa bila cheti cha daktari anafanya biashara tu.

Kwa wafanyabiashara, jambo zito zaidi ni bidhaa za kupunguza mwili. Sibutramini iliondolewa katika masoko ya Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo, lakini wakaguzi wa nchi mbalimbali wameendelea kuikuta imefichwa ndani ya vidonge na chai zinazoitwa za mitishamba. Anayebeba katoni za chai hiyo kwenye begi anaweza kuwa amebeba dawa iliyopigwa marufuku bila kujua, na forodhani "sikujua" haisaidii sana.

Halafu kuna sindano za semaglutidi, maarufu kwa jina la Ozempic. Kabla ya kuanza kutumiwa hutakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na zikiganda hutupwa. Kuziweka kwenye kabini ya lori kupitia Dodoma na Singida ni kuzikaanga, na hata dukani, umeme wa Regideso ukikatika, friji bila jenereta ni kabati tu. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi bandia zilizokamatwa Brazili, Uingereza na Marekani.

Dawa nyingi hazitozwi ushuru wa forodha katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya. Kwa hiyo anayezipitisha kwa njia za panya haokoi ushuru. Anachokwepa hasa ni ukaguzi. Nchini Burundi kibali cha kuingiza dawa hutolewa na mamlaka ya udhibiti, ABREMA, na msafirishaji akiitiwa mzigo wa aina hii aombe kukiona kabla ya kufunga turubali.