Sanamu ya Bandia Haikumhukumu Brigid

Kila inapotajwa filamu ya The Maltese Falcon huulizwa swali lile lile: je, lau sanamu ile ya kozi ingalikuwa ya dhahabu na vito, mpelelezi Sam Spade angalimtia mteja wake Brigid mikononi mwa polisi? Aghalabu muulizaji amekwisha kujijibu, kwamba mpelelezi alikosa mali ndipo akaikumbuka haki. Itikadi hiyo ni batili, nami nimechoka kuisikia kwa watu walioitazama filamu kwa macho yao wenyewe.

Ithibati haiko mwishoni bali mwanzoni, pale Miles Archer, mshirika wa Spade, anapokutwa ameuawa katika kichochoro cha San Francisco, bastola yake ingali kiunoni na koti lake limefungwa vifungo. Maana mpelelezi mzoefu hamfuati gizani mtu anayemwinda akiwa katika hali hiyo, illa aongozwe na mtu asiyemshuku, na kwa Archer, aliyependa wanawake, huyo ni Brigid, yule mteja mzuri aliyekuja ofisini mchana. Hayo Spade aliyajua usiku ule ule, kabla sanamu haijawasili na kabla Gutman, aliyekuwa akiisaka, hajaikwaruza kwa kisu akakuta madini ya risasi matupu.

Brigid mwenyewe anamwuliza Spade swali hilo hilo, naye anamjibu kwamba fedha nyingi zingaliongeza uzani upande wa Brigid katika mizani. Lakini uzani mmoja si hukumu, maadamu upande wa pili amekwisha kuweka damu ya mshirika wake, heshima ya kazi yake, na yakini kwamba aliyemwua Archer aweza kumwua yeye pia. Mapenzi yake kwa Brigid hayakani, na noti ya dola 1,000 aliyoachiwa na Gutman anaikabidhi kwa polisi.

Ama wasemao kwamba wadhibiti wa Hollywood ndio waliolazimisha mwisho huo, wajue kuwa riwaya ya Dashiell Hammett ya mwaka 1930 inamtoa Brigid vile vile, na masharti ya wadhibiti yalitiwa nguvu mwaka 1934.

Basi itazame tena kazi hii ya John Huston ya mwaka 1941: sikiliza polisi wanavyoieleza maiti, hesabu sababu za Spade moja moja, angalia milango ya lifti ikimfungia Brigid, kisha soma riwaya. Brigid alitolewa kwa sababu alimwua Archer. Sanamu haikuwa shahidi wala kadhi.