Mwenye Nyumba Naye Aione Nyumba Yake

Hivi karibuni mkulima mmoja wa viazi wa Njombe aliondoka alfajiri pamoja na mkewe na wanawe watatu. Walipobadili basi Makambako, abiria mwenzao aliwauliza: "Mna shauri gani huko Dodoma?" Mzee yule akajibu: "Hatuna shauri, ndugu yangu. Tunakwenda kuuona mji wetu."

Swali hilo linatupasa sote kulitafakari. Mwaka 1973 TANU iliamua Dodoma iwe makao makuu kwa kuwa iko katikati ya nchi, serikali iwe karibu na wananchi. Bunge lilihamia huko mwaka 1996, na serikali ikafuata kuanzia mwaka 2016. Hata hivyo, wengi wetu huku tunaijua zaidi Dar es Salaam, soko la mazao yetu. Dodoma tumewaachia wenye vyeo na wenye shida.

Familia ile ilipita Iringa, ikavuka Mtera, ikaona mashamba ya mizabibu na sanamu ya Mwalimu. Mbele ya Bunge kitinda mimba akauliza: "Baba, nani anakaa humu?" Akajibiwa: "Hakai mtu. Tunamtuma mwenzetu aje atusemee."

Nauli yao ilitoka katika fedha za mbolea. Wako watakaouita ubadhirifu. Sisi twasema kusikia si kuona: mtoto aliyejibiwa vile hatamwogopa mbunge wake. Basi walimu na wazazi wawapeleke watoto Dodoma; nao walinzi wa malango wawapokee kama wenye nyumba, si kama waombaji.