Tezi na Omo, Marejeo Ngamani

Mtu aliyelelewa pwani, akikuta maji ndani ya chombo chake, hana safari ndefu ya kuijua asili yake: huchovya kidole, akakilamba, na ulimi ukatoa hukumu. Yakiwa ya chumvi, bahari imepata mlango. Yakiwa matamu, basi ni mvua iliyopenya sitahani, au pipa la maji ya kunywa limepasuka. Lakini mtu huyo huyo akihamia Mwanza, akawa na mashua yake katika Ziwa Viktoria, elimu hiyo humponyoka papo hapo, kwa maana ziwa ni tamu, mvua ni tamu, na maji yanayoipoza injini ni matamu pia. Wala hapana chumvi ya kuacha utando mweupe juu ya mbao pale maji yalipopita na kukauka, utando ambao kwa fundi wa Tanga au Lamu ni kama nyayo za mwivi mchangani. Ziwani maji huingia na kukauka bila ya kuacha jina lake, na mwenye chombo hana budi kutafuta dalili nyingine.

Kwa faida ya msomaji asiyekulia katika vyombo, ngama ni ile sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, juu ya mkuku, ambako kila tone lililoingia mwisho wake hukusanyika. Na ndiko wahenga walikotoa msemo wao, tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hiyo hutumiwa kwa mambo mengi ya walimwengu, lakini ndani ya chombo ina maana yake ya asili, ambayo ni ufunguo wa habari nitakayoieleza: maji yaliyoingilia tezi, yaani nyuma, na yaliyoingilia omo, yaani mbele, yote huonekana mahali pamoja, na mahali hapo aghalabu sipo yalipoingilia.

Sahibu yangu mmoja ana mashua ya mbao yenye tanga, iliyotiwa pia injini ndogo ya dizeli kwa ajili ya siku ambazo upepo umelala, naye huitia nanga karibu na Capri Point, jijini Mwanza. Kwa muda wa miezi kadhaa alikuwa akikuta maji chini ya injini hiyo, kiasi cha nusu debe, kila arejeapo kutoka Nansio katika kisiwa cha Ukerewe. Ila si kila safari. Akienda kwa tanga peke yake, ngama ilikuwa kavu. Akiwasha injini, alikuta maji. Nani asingeituhumu injini?

Wapo watakaouliza kwa nini mtu ajisumbue kwa nusu debe, ilhali kifaa cha kufulia maji, yaani kuyachota na kuyatupa nje, kipo na mikono ipo. Jawabu limo katika hesabu. Tone moja kila sekunde ni kitu ambacho jicho hukizoea, lakini siku nzima ina sekunde 86,400, na matone kama 20 hutimiza mililita 1, hivyo tone hilo huwa zaidi ya lita 4 kwa siku, na kwa siku 5 hujaza debe zima. Tena tundu halibaki lilivyo: likipanuka hata kufikia upana wa inchi 1, nusu mita chini ya uso wa maji, huingiza zaidi ya lita 50 kwa dakika moja, na hapana mabaharia wawili wanaoweza kuzifua kwa muda mrefu. Maji yaliyotulia chini ya injini nayo yana madhara yake hata yakiwa haba, maana gurudumu zito la injini likiyafikia huyarusha juu ya stata na nyaya, kutu ikaanza kula miguu ya injini, na mbao zisizopata kukauka zikaanza kuoza, kwa kuwa maji matamu huozesha mbao upesi kuliko maji ya chumvi.

Basi sahibu yangu alikwenda kwa fundi, na fundi, aliposikia kwamba maji huonekana injini ifanyapo kazi, hakuhitaji ushahidi zaidi. Akabadili pampu ya maji. Maji yakaja. Akabadili mipira yote ya kupitishia maji pamoja na vibano vyake. Maji yakaja. Akafungua sehemu ya moshi, akatia gasketi mpya, na maji yakaja vilevile. Fedha nyingi zilikwenda, na kila kitu kilichotolewa kilikuwa kizima.

Tusimlaumu fundi huyo kupita kiasi, kwa maana dhana yake ilikuwa na msingi. Injini ya namna hii haikai na maji yake yenyewe kama ya gari, bali huvuta ya ziwa: huingia kwa koki iliyo chini ya chombo, yakapita chujioni, yakasukumwa na pampu yenye kijigurudumu cha mpira chenye mabawa, yakazunguka kukipoza chuma, kisha yakatupwa nje shetrini pamoja na moshi. Katika njia hiyo yote kila kiungo chaweza kuvuja, na huvuja wakati injini inapokwenda tu, kwani ndipo maji yanaposukumwa. Pampu nyingi zina kitundu kidogo chini yake kilichowekwa makusudi, kati ya sili inayozuia maji na sili inayozuia oili, ili sili ya maji ikichakaa maji yadondokee hapo yaonekane, yasije yakapenya ndani ya injini na kuiharibu oili. Anayetafuta uvujaji huanza kwa kukitazama kitundu hicho. Na kama angalikitazama kabla ya kuitoa pampu, fundi wetu angalikiona kikavu kabisa.

Mwishowe sahibu yangu alielekezwa kwa mzee mmoja, fundi wa vyombo aliyeijua kazi yake Tanga kabla ya kuhamia ziwani. Siku ya kwanza nilikuwapo, na mazungumzo yao yalikuwa mafupi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekwisha kausha?"

"Nimefua maji yote, mzee."

"Sikuulizi habari ya kufua. Nakuuliza habari ya kukausha."

Katika maneno hayo mna nusu ya elimu yote ya jambo hili. Aliyefua maji ameondoa yale yanayochoteka. Lakini ngama bado imelowa, mbao zinang'aa, mafuta yametanda, na tone jipya likiingia halitambulikani na la jana. Siku ile nzima ilipita katika kusugua kwa sabuni, kufuta kwa vitambaa, kuacha jua na upepo vifanye kazi yake, hata mkono ukipita chini ya injini ukarudi mkavu. Kisha mzee akatandika karatasi za magazeti chini ya injini na kandokando ya mkuku, akanyunyiza majivu makavu juu ya mataruma, yaani mbavu za chombo, kwani juu ya majivu tone moja huchora njia yake mpaka mwisho.

Tuliiacha mashua usiku kucha bila ya kuigusa. Asubuhi karatasi zilikuwa kavu, na kwa dalili hiyo ubavu wa chombo na koki vikatoka katika tuhuma. Tukamwaga ndoo za maji juu ya sitaha na penye shina la mlingoti, mahali ambapo mvua hupenda kujipenyeza. Karatasi zikabaki kavu, na mvua nayo ikatoka. Tukawasha injini kwa muda wa saa nzima chombo kikiwa kimefungwa. Pampu kavu, mipira mikavu, majivu hayakuguswa. Sahibu yangu akakata tamaa, lakini mzee akasema kwamba tulichopima ni injini iliyokaa bure, na kwamba rafadha ilikuwa bado haijazunguka. Tukazidisha kamba, tukatia gia, tukaiangalia shafti inayoizungusha rafadha.

Mahali shafti inapotokea nje ya chombo pana kasha dogo lililojazwa kamba za kitani zilizolishwa shahamu, zikabanwa kwa nati. Na kasha hilo halikukusudiwa liwe kavu kabisa, maana matone machache kila dakika ndiyo yanayoipoza shafti inapozunguka. Asiyelijua hilo hukaza nati mpaka tone la mwisho, akaziunguza kamba na kuitafuna shafti. Kwetu palidondoka matone yaliyo halali, nayo yakapungua mara injini ilipozimwa. Shafti nayo ikasamehewa.

Hapo ndipo mzee alipofanya jambo ambalo sikupata kuliona kabla ya siku ile. Kila taruma lina kitundu chini yake, juu ya mkuku, cha kupitishia maji yapate kwenda penye kina. Akaviziba vitundu hivyo kwa vitambaa, kimoja kimoja, na hivyo ngama iliyokuwa moja ikawa vyumba vingi, ambavyo kila kimoja kingetoa ushahidi wake peke yake bila ya kuchanganya na wa jirani. Kisha tukang'oa nanga, tukalipita Jiwe la Bismarck, tukaelekea Kamanga kwa nguvu yote ya injini, na baada ya nusu saa tukasimama, tukafungua mbao za sakafuni. Chumba kilicho chini ya injini kilikuwa kikavu. Chumba cha shafti kilikuwa na unyevu kidogo. Chumba cha mwisho kabisa, kule tezini, chini ya usukani, kilikuwa kimejaa.

Mti wa usukani hupanda ndani ya chombo kwa kupitia bomba, na juu ya bomba hilo pana kasha jingine la kamba na shahamu, mfano wa lile la shafti. Chombo kikiwa kimetulia, kasha hilo husimama vidole vinne juu ya uso wa maji. Kila aliyelitazama bandarini alilikuta kavu, akaenda zake. Lakini rafadha inapokisukuma chombo kwa nguvu, chombo hujitengenezea wimbi lake chenyewe, omo likainuka na tezi likaketi, na kile kilichokuwa juu ya maji kikawa chini yake. Kwa tanga, katika pepo za wastani, mashua ile haikupata mwendo wa kuliketisha tezi kiasi hicho. Chombo kinapopunguza mwendo, tezi huinuka tena, na maji yaliyokwisha kuingia hushuka kwa vile vitundu vya mataruma mpaka penye kina zaidi, napo ni chini ya injini. Injini ilituhumiwa kwa kuwa maji yalionekana kwake, na kwa kuwa yalionekana siku za kazi yake. Nayo, katika mambo yote mawili, haikuwa na hatia.

Kamba za kasha lile zilitoka zimekauka kama maganda. Tukatia mpya, tukazilisha shahamu, tukakaza nati kwa kiasi, tukavizibua vitundu vyote vya mataruma, kwani kizibo kilichosahauliwa ngamani ni hatari mpya. Na gharama yake haikufikia hata thamani ya mpira mmoja katika ile iliyobadilishwa bure.

Wavuvi na wenye mashua wa mialo yetu, tangu Kirumba hata visiwani, wengi wao hawana injini za ndani wala shafti, lakini utaratibu huu wawafaa vilevile. Chombo chochote ni jamii ya viungo, na kila kiungo ni mlango unaongoja. Mwaka 1875 msafiri Stanley aliondokea Kageyi, si mbali na Mwanza, kwa mashua yake Lady Alice iliyoletwa vipande vipande juu ya mabega ya wapagazi kutoka pwani. Na hata meli ya Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ililetwa kwa vipande kutoka Uskoti, ikaungwa Kisumu. Katika chombo cha mbao, pamba ya Usukuma, ikiloweshwa mafuta na kushindiliwa kwa ustadi kati ya mbao, ndiyo kalafati inayoyazuia maji. Na mbao zilizokaa juani muda mrefu husinyaa, hata chombo kikirudishwa majini huvuja siku ya kwanza na ya pili mpaka mbao zinywe na kuvimba. Mwenye kuyajua hayo hutofautisha uvujaji utakaokoma wenyewe na ule utakaozidi. Asiyeyajua hupigilia misumari pasipostahili, akazidisha matundu.

Ziwa hili limetufundisha kwa machozi. Tarehe 21 Mei, 1996 meli ya Bukoba ilizama na kuchukua mamia ya watu, na tarehe 20 Septemba, 2018 kivuko cha Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Misiba hiyo haikuanzia katika kasha la usukani. Ilitokana na shehena kupita kiasi na chombo kupotewa na mizani yake. Lakini maji yaliyolegea ngamani ni shehena pia, tena shehena isiyokaa mahali pake, kwani chombo kikilala upande, maji hukimbilia upande huo huo na kuzidi kukilaza.

Kwa hiyo neno langu kwa kila nahodha na kila mwenye chombo, kikubwa au kidogo, ni hili: fungua ngama yako kabla ya kung'oa nanga, na uifungue tena baada ya kutia nanga, kausha kabla ya kutuhumu, pima jambo moja kwa wakati mmoja, wala usitoe fedha yako kununua kifaa mpaka umeliona tone kwa macho yako likitoka mahali pake. Mashua ya sahibu yangu imekwenda Nansio na kurudi mara nyingi tangu siku ile, kwa tanga na kwa injini, na ile nusu debe ya maji chini ya injini haijaonekana tena.