Asiachwe Peke Yake



Hapa kwetu Kakamega, mpaka wa Uganda hauko mbali. Ng'ambo yake, mwezi Februari 1977, maaskofu wa Kanisa la Anglikana walimwandikia Rais Idi Amin barua ya kulalamikia ukatili wa askari wake. Walitia sahihi pamoja. Tarehe 16 waliitwa Kampala. Baadaye wengine wakaamriwa waende zao, naye Askofu Mkuu Janani Luwum akabakizwa. Aliuawa siku ile, na serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari.

Tazameni jambo hili: mtesaji hutaka kwanza kumtenga mtu na wenzake. Basi kumsaidia anayeteswa ni kukataa aachwe peke yake.

Wakristo wengi wa Uganda walikimbilia Kenya miaka ile. Mtu wa namna hiyo ahitaji nini? Mahali pa kulala, unga, na mwenzi wa kuomba naye. Waebrania 13:3 yatuagiza tuyahesabu mateso ya wafungwa kuwa yetu sisi. Kwa hiyo yatupasa kumlisha kabla ya kumwuliza dhehebu lake. Tumtaje kwa jina tukiomba faraghani, lakini sokoni tuuzuie ulimi, maana neno la ovyo laweza kuwaponza jamaa aliowaacha nyuma.

Je, akibisha hodi usiku huu, tutamfungulia? Bwana atupe moyo huo. Amina.