Matairi Mapya Yafungwe Mbele au Nyuma?

*(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Kabla ya somo, mwalimu wa darasa atayarishe kigari cha kuchezea cha watoto chenye magurudumu yanayozunguka vizuri, kipande cha uzi, na ubao laini.)*



Somo letu la leo ni matairi ya gari. Pengine mmoja wenu atauliza, "Mimi sina gari, somo hili lanihusu nini?" Lakuhusu sana. Asiye na gari hupanda la mwenziwe akienda mnadani, hospitali au mgodini, na gari likiserereka haliulizi nani mwenye gari na nani abiria.

Kwanza tusome maneno ya leo. Mwalimu ayaandike ubaoni.

Usukani: gurudumu dogo analoshika dereva kugeuza gari.
Mifereji ya tairi: zile njia zilizochimbwa katika uso wa tairi.
Kipara: tairi lililolika hata mifereji yake imekwisha.
Kuserereka: kuteleza bila kushika njia.
Mkia wa gari: sehemu ya nyuma ya gari.

Swali la leo

Tuseme bwana mmoja wa Kahama ana gari dogo. Matairi yote manne yamechakaa. Ameuza mpunga wake, lakini baada ya kulipa karo ya watoto fedha iliyobaki yatosha matairi mawili tu. Je, ayafunge mbele au nyuma?

Wengi watajibu mbele. Watasema, "Magurudumu ya mbele ndiyo yanayoongoza gari. Tena, katika magari mengi madogo ya siku hizi, injini husukuma magurudumu ya mbele, na matairi ya mbele hulika upesi. Basi jipya liende penye kazi." Haya ni maneno ya mtu mwenye kufikiri. Lakini jibu si sahihi. Ukiwa na matairi mawili tu mapya, yafunge nyuma, hata kama injini yasukuma ya mbele. Msiniamini kwa maneno matupu. Tufanye jaribio.

Jaribio la kigari

Mwalimu ainue ubao upande mmoja, uwe kama kilima. Achukue kigari, ayafunge magurudumu ya nyuma kwa uzi yasizunguke, ya mbele ayaache huru. Akiweke juu ya kilima, kichwa kikielekea chini, kisha akiachie. Tazameni sana. Mmeona? Kigari kimegeuka. Mkia umetangulia.

Sasa aondoe uzi, ayafunge magurudumu ya mbele, ya nyuma yawe huru. Akiachie tena. Safari hii kigari kimeteremka moja kwa moja, kichwa mbele, bila kugeuka.

Sababu yake ni hii. Gurudumu linalozunguka hukubali kwenda mbele, lakini hukataa kwenda kando. Gurudumu lililofungwa huserereka tu, halina ubishi wowote. Ukilisukuma kando, huenda kando. Tairi lenye kipara, likiwa juu ya barabara yenye maji, hufanana na gurudumu lililofungwa, kwa kuwa halishiki njia. Likiwa nyuma, mkia hutaka kutangulia.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla motokaa haijafika. Tazameni mshale. Manyoya yake yamefungwa nyuma, wala si mbele, nayo huuzuia mkia usiende kando, hivyo mshale huruka umenyooka. Matairi mazuri ya nyuma ni manyoya ya gari.

Mambo ya gari la spoti

Jambo hili laonekana wazi zaidi katika magari ya spoti, yaani magari mepesi yenye injini ya nguvu. Mengi yake husukumwa na magurudumu ya nyuma, na kwa hiyo matairi ya nyuma hulika kwanza.

Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, na katika miaka ile yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 mshindi alikuwa Edgar Herrmann, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, na wote wawili waliendesha gari la spoti aina ya Datsun 240Z. Injini yake iko mbele, nayo husukuma magurudumu ya nyuma. Katika mashindano kama yale dereva hodari huuacha mkia uende kando katika kona ya vumbi, kisha huurudisha. Lakini huo ni ufundi wa miaka mingi, na dereva amejifunga mkanda, ana kofia ngumu, wala hakupakia abiria.

Sasa, mwenye gari la namna hiyo akifunga matairi mapya nyuma, ataona mabadiliko matatu. La kwanza, siku za mwanzo gari laweza kuteleza kidogo, maana uso wa tairi jipya bado ni laini na una utelezi uliotoka kiwandani. Yafaa aende taratibu kwa kilomita mia chache za kwanza. La pili, katika barabara kavu mkia waweza kuhisika kama unatikisika kidogo, kwa sababu mifereji mirefu huufanya uso wa tairi upinde kuliko tairi lililolika. La tatu ndilo kubwa: mkia uliokuwa ukipenda kwenda kando sasa umeshika njia. Akiingia kona kwa mwendo mkali, matairi ya mbele ndiyo yatakayoshindwa kwanza. Atazungusha usukani, lakini gari litataka kwenda mbele.

Dereva atanung'unika, "Gari limekuwa zito kugeuka." Lakini uzito huo ni onyo, na dawa yake ni nyepesi: apunguze mwendo taratibu, na matairi ya mbele yatashika tena. Hata mtu mwenye hofu huondoa mguu wake bila kufundishwa.

Mkia ukitangulia, mambo ni mengine. Hapo hapana budi dereva aondoe mguu polepole, asikanyage breki kwa nguvu, na azungushe usukani kuelekea upande ule ule mkia unakokwenda. Haya yote ayafanye kabla hujamaliza kutamka jina lako. Madereva wachache sana huyaweza.

Hatari inayojificha

Turudi kwa bwana wetu wa Kahama. Tuseme hakusikia somo hili, akafunga matairi mapya mbele na vipara nyuma. Barabara ni kavu. Usukani mwepesi, gari latii. Atafurahi na kumsifu fundi wake. Lakini usukani huleta habari za magurudumu ya mbele tu. Ya nyuma hayatumi barua.

Kisha mvua zinaanza, mwezi wa Novemba au Desemba. Mnaujua udongo mweusi wa mbuga zetu, unavyoteleza kama sabuni. Malori hutoka nao katika njia za vijijini na kuuacha juu ya lami. Tairi lenye mifereji husukuma maji kando na kuugusa uso wa barabara. Kipara hakina pa kuyapeleka maji, na kwa mwendo mkali huelea juu yake. Katika kona moja tu mkia watangulia, na aliye nyuma ya usukani hakupata onyo lolote.

Tena, safari zetu zimekuwa za upesi. Daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa mwezi wa Juni 2025, na dereva wa Mwanza kwenda Geita hangoji tena kivuko pale. Hiyo ni neema. Lakini mwendo ukiongezeka, tairi nalo lapasa liangaliwe zaidi.

Tusome tairi

Ninyi mnaojua kusoma sasa, tairi ni kitabu chenu. Likiwa limeandikwa 185/65 R15, maana yake ni hii: 185 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu, yaani sehemu 65 katika kila 100 za upana ule, R ni namna nyuzi zake zilivyopangwa, 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Matairi mawili ya nyuma yawe na namba moja na aina moja.

Kisha tafuteni neno DOT. Namba nne za mwisho huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Muuza mitumba akikuambia tairi ni la juzi, msomee namba hiyo.

Ndani ya mifereji mna vituta vidogo. Uso wa tairi ukilika hata ukalingana navyo, mfereji umebaki milimita 1.6 tu, na tairi hilo limekwisha. Lisihamishiwe mbele wala nyuma. Shauri letu la leo ni kwa matairi yaliyochakaa lakini bado yana mifereji.

Onyo kwa wenye pikipiki

Msiipeleke kanuni hii kwenye pikipiki. Tairi la mbele la pikipiki likiserereka, mpandaji huanguka mara moja. Pikipiki yataka matairi mazuri yote mawili.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini kigari kiligeuka magurudumu ya nyuma yalipofungwa?
2. Manyoya ya mshale yafanana na sehemu gani ya gari?
3. Tairi limeandikwa 0819. Lilitengenezwa wiki gani na mwaka gani?
4. Upana wa tairi ni milimita 200, na namba ya pili ni 60. Kimo cha ubavu ni milimita ngapi?
5. Kazi ya nyumbani: kabla ya kupanda gari wiki hii, tazama matairi yake ya nyuma. Ukiona vipara, mwambie dereva kwa adabu; akikataa kusikia, ngoja gari jingine. Kuchelewa mnadani kuna dawa.

Kwaherini, wanafunzi wapenzi, hadi somo lijalo.