“Zima Antivairasi Kwanza”

Programu nyingi za kukraki, yaani za kutumiwa bila leseni, zinazopakuliwa mtandaoni huja na faili dogo la maelekezo, na amri ya kwanza katika faili hilo haibadiliki sana: zima antivairasi, kisha endelea. Mwenye kompyuta husoma, huzima, hubofya mara mbili, na bahati ikiwa mbaya, mhalifu amemaliza kazi kabla ile programu iliyotafutwa haijafunguka. Hakuna aliyehangaika kuotea nenosiri. Ulinzi umeondolewa na mwenye mashine mwenyewe, tena kwa kuombwa.

Jambo hili linastahili kutangulia kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu virusi vya kompyuta huanzia kwenye swali la antivairasi ipi inunuliwe. Kwa kompyuta ya nyumbani yenye Windows, swali hilo limepitwa na wakati. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, mfumo huo huja na Defender, antivairasi kamili isiyolipiwa, inayojiwasha yenyewe na kukaa kando pale tu nyingine inapowekwa. Kwa familia inayotumia kompyuta kwa kazi za shule, barua pepe, filamu na hesabu za duka, hiyo inatosha. Pesa ambayo ingelipia antivairasi ya mwaka mzima ina faida zaidi ikinunua diski ya nje ya kuhifadhia nakala za mafaili.

Anayetaka kujua kwa nini aitazame STOP/Djvu, familia ya virusi ambayo imewaliza watu wa kawaida kuliko nyingi nyingine. Ni virusi vya utekaji: huyafunga mafaili kwa usimbaji fiche, kisha hudai pesa ili yafunguliwe. Virusi vya namna hii vinavyofika kwenye vichwa vya habari huvamia hospitali, benki na serikali. Djvu haikuhangaika na wakubwa hao. Tangu mwaka 2018 ilikuwa ikiwalenga watu majumbani, na njia yake kuu ilikuwa programu za kukraki pamoja na vile vijiprogramu vya kuamshia Windows au Office bila kununua leseni. Skrini huonyesha dirisha linalofanana kabisa na la Windows inayojisasisha. Mtumiaji hungoja kwa subira, na wakati huohuo picha za harusi, tasnifu na vitabu vya hesabu vinafungwa kimoja baada ya kingine. Mwisho wake kila folda hukutwa na faili jipya liitwalo _readme.txt, lenye bei: dola 980 za Marekani, au dola 490 kwa atakayewasiliana nao ndani ya saa 72. Hata watekaji wana punguzo la haraka haraka.

Kirusi hicho hukagua pia kompyuta iko nchi gani. Ikiwa ni Urusi, Belarus, Ukraine, Kazakhstan au jirani zao kadhaa, hujiondoa bila kufunga chochote. Tanzania, Kenya na Uganda hazimo katika orodha hiyo ya msamaha. Mara nyingi pia hakikuja peke yake. Kilifuatana na Azorult, programu ya kuiba manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, kiasi kwamba aliyekata tamaa na mafaili yake akafuta kila kitu na kuanza upya bado alikuwa ameibiwa barua pepe yake bila kujua.

Mwezi Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa bure zana ya kufungua mafaili yaliyofungwa na matoleo 148 ya Djvu. Matoleo yaliyofuata yalibadilishwa, na waathirika wake wengi hawana ufunguo. Kuna tundu moja tu dogo la matumaini: ili kwenda kasi, Djvu hufunga kilobaiti 150 tu za mwanzo wa kila faili. Barua na picha ndogo huharibika zote, lakini video ndefu wakati mwingine hutengenezeka.

Je, asiye na uwezo wa kununua leseni afanye nini? Hapa wataalamu wengi huhubiri na kuondoka. Majibu yapo. LibreOffice ni bure na hufungua nyaraka za Word na Excel. VLC hucheza takriban kila video. GIMP hukidhi mahitaji ya wengi wanaokraki programu za kuhariri picha. Hata Windows yenyewe, isipoamshwa kwa leseni, huandika maneno hafifu pembeni mwa skrini na kukataa kubadilishwa picha ya mandhari, lakini huendelea kupokea viraka vya usalama. Maandishi hayo yanaudhi. Kijiprogramu cha kuyaondoa kinaweza kugharimu zaidi.

Viraka hivyo vya usalama ndivyo sehemu ya pili ya tatizo, na adui yao katika Afrika Mashariki anajulikana: bando. Windows hujisasisha kwa mafaili makubwa, na mtu wa intaneti ya simu akishaamka na kukuta bando la wiki limeisha kwa usiku mmoja bila yeye kutazama hata video moja, humwita fundi azime masasisho yote. Hasira yake inaeleweka. Gharama ya uamuzi huo ilionekana duniani tarehe 12 Mei 2017, siku ambayo kirusi WannaCry kilianza kuruka kutoka kompyuta hadi kompyuta bila mtu yeyote kubofya kitu. Kwa siku chache kilifika nchi zaidi ya 150. Katika huduma ya afya ya umma ya Uingereza, miadi ya wagonjwa iliyokadiriwa kufikia 19,000 ilifutwa. Tundu ambalo kirusi kile kilipitia, Microsoft ilikuwa imelitolea kiraka tarehe 14 Machi mwaka huohuo, karibu miezi miwili kabla.

Kinachohitajika ni ratiba. Tangu mwaka 2003 Microsoft hutoa viraka vyake Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa za Afrika Mashariki huwa ni saa mbili au saa tatu usiku. Mwenye bando dogo anaweza kuingia katika mipangilio ya Wi-Fi na kuiambia Windows kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo; hapo masasisho makubwa husubiri badala ya kujivuta yenyewe. Halafu usiku mmoja baada ya Jumanne hiyo, kwa bando la usiku, anaondoa kizuizi na kubonyeza kitufe cha kusasisha. Nyumba yenye kompyuta mbili inaweza hata kuipa ya pili viraka kutoka kwa ya kwanza kupitia Wi-Fi ya ndani, bila kulipia mara mbili. Ruhusa yake iko katika mipangilio ya masasisho.

Wenye Windows 10 wana habari mbaya kidogo. Viraka vyake vya kawaida vilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft ilitoa nyongeza ya mwaka mmoja, hadi 13 Oktoba 2026, kwa watumiaji wa nyumbani wanaojiandikisha, na kompyuta nyingi za mtumba haziwezi kupanda Windows 11 kwa sababu ya umri wa prosesa zake. Mashine ya namna hiyo haijafa. Fundi anaweza kuombwa aweke Linux Mint au Ubuntu, mifumo endeshi isiyolipiwa ambayo huishi vizuri kwenye kompyuta za zamani na huendelea kupata viraka.

Kisha kuna flashi. Mwanafunzi wa chuo anapeleka kazi yake steshenari ikachapishwe, anachomeka flashi kwenye kompyuta iliyokwisha kupokea flashi za kila mpita njia, anachukua karatasi zake na kurudi nyumbani. Folda yake ya TASNIFU ipo, ila pembeni mwa picha yake pana mshale mdogo, na ukubwa wake umekuwa kilobaiti moja au mbili. Anaibofya, inafunguka kama kawaida, hana wasiwasi. Kilichotokea ni hiki: kirusi kimeificha folda halisi kwa kuipa alama ya mafaili ya mfumo, kikaweka mahali pake njia ya mkato yenye jina lilelile na sura ileile. Kila anapoibofya, kwanza kirusi kinaamka, halafu folda halisi inafunguliwa ili asishtuke. Wakati huo kompyuta ya nyumbani nayo imekwisha kuambukizwa, na kila flashi itakayofuata itaambukizwa.

Wengi hukimbilia kufomati, na hapo ndipo wanapoipoteza kazi ambayo haikuwa imepotea. Mafaili bado yamo. Anayefungua dirisha la amri la Windows na kuandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ikiwa ndiyo herufi ya flashi) huyarudisha machoni. Kabla ya hapo Defender ikague kompyuta yenyewe, vinginevyo kirusi kitayaficha tena baada ya dakika mbili. Njia nyepesi zaidi ni kutopeleka flashi kabisa: waraka ugeuzwe PDF na kutumwa kwenye barua pepe au WhatsApp ya duka. Kuingia kwenye akaunti ya barua pepe kupitia kompyuta ya steshenari si njia nyepesi. Ni hatari nyingine.

Udanganyifu wa majina una historia ndefu. Tarehe 4 Mei 2000, barua pepe yenye kichwa cha maneno ya mapenzi ilitoka Ufilipino ikiwa na faili lililoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows, kwa desturi yake, ilificha herufi tatu za mwisho, na waliopokea wakaona barua ya kawaida. Zilikuwa amri za programu, zilizojituma kwa kila mtu aliyemo katika kitabu cha anwani. Desturi hiyo ya kuficha ipo mpaka leo. Menyu ya kuonyesha mafaili ina kisanduku cha kuiondoa, na ni kazi ya sekunde kumi: baada ya hapo ankara.pdf.exe huonekana ilivyo, yaani programu iliyovaa jina la ankara.

Viungo vya tovuti hudanganya kwa mtindo huohuo, isipokuwa hapa macho ndiyo hufanya kosa. Watu husoma anwani kutoka kushoto, na walaghai wanajua. Mtu akitumiwa kiungo cha kubuni kama https://nida.go.tz.zawadi-mpya.com/sajili, jicho hukamata nida.go.tz, anwani ya mamlaka ya vitambulisho vya taifa Tanzania, na kuridhika. Anwani husomwa kinyume: tafuta mstari wa mshazari (/) wa kwanza baada ya https://, kisha rudi nyuma kuelekea kushoto. Maneno yaliyougusa mstari huo ndiyo mwenye tovuti. Hapa ni zawadi-mpya.com, na yote yaliyotangulia ni mapambo. Anwani ya ofisi ya serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, ya Kenya .go.ke. Alama ya kufuli nayo isimpe mtu usingizi. Kufuli lilimaanisha tu kwamba mawasiliano njiani yamefichwa, hata kama anayewasiliana naye ni tapeli, na mwezi Septemba 2023 Google iliiondoa alama hiyo kwenye Chrome kwa sababu watu waliielewa vibaya.

Hila iliyoshamiri kuanzia mwaka 2024 haihitaji faili wala kiungo kirefu. Ukurasa humtaka mtu athibitishe kwamba yeye si roboti, jambo ambalo kila mtu amelizoea. Safari hii haombwi kuchagua picha za pikipiki. Anaambiwa abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Anayetii amebandika na kutekeleza amri ambayo ukurasa ulikuwa umeinakili kimyakimya, na kompyuta inakwenda kupakua mwizi wa manenosiri. Mmoja wa wezi hao, Lumma, alikutwa na Microsoft katika kompyuta zaidi ya 394,000 kati ya 16 Machi na 16 Mei 2025. Hakuna tovuti halali inayothibitisha ubinadamu wa mtu kwa kumfungulisha dirisha la amri.

Aliyekwisha kunaswa aanze kwa kuzima Wi-Fi, si kwa kuizima antivairasi ili “kujaribu tena.” Mafaili yaliyofungwa yasifutwe, kwa kuwa funguo hupatikana baadaye mara kwa mara: mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama, hutoa zana za kufungulia bila malipo. Asilipe, maana malipo hayana dhamana na anayelipa mara moja hujulikana kuwa mlipaji. Diski ya nje yenye nakala, ikiwa ilikuwa imechomolewa na kuwekwa kabatini, sasa ndiyo yenye thamani kuliko kompyuta yenyewe. Ikiwa ilikuwa imechomekwa, huenda nayo imefungwa. Manenosiri yabadilishwe kupitia kifaa kingine, simu kwa mfano, na akaunti ziondolewe kwenye vifaa vyote, kwani wezi wa siku hizi huiba hata hali ya kuwa tayari mtu ameingia, na nenosiri jipya peke yake halimtoi aliyemo ndani. Nenosiri la kwanza kubadilishwa liwe la barua pepe: kwa hilo moja, mwizi anaweza kuomba mengine yote yawekwe upya.