Seremala Aliyekwenda Vitani: Askari wa Kawaida na Dhamiri Yake



Katika somo la maadili, sisi mafrateri wa falsafa tumejifunza masharti matatu ambayo Mtakatifu Thomas wa Akwino anayaweka ili vita viwe halali: viamuliwe na mwenye mamlaka, viwe na sababu ya haki, na wanaopigana wawe na nia njema. Masharti haya ni mepesi kuyakariri kwa ajili ya mtihani. Ila mara nyingi tunayasoma kana kwamba yanawahusu wafalme na marais tu. Askari wa kawaida, yule anayekabidhiwa bunduki na kuamriwa kwenda mbele, yeye yanamhusu vipi?

Tumeona vema kulijibu swali hili kwa kumtazama mtu mmoja, Peter Welsh, Mkatoliki aliyepigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865. Hakuwa jenerali. Tunamfahamu kwa sababu barua alizomwandikia mke wake, Margaret, zilihifadhiwa, na mwaka 1986 zikachapishwa kuwa kitabu.

Alivyoingia jeshini

Welsh alizaliwa mwaka 1830 katika kisiwa cha Prince Edward, ambacho leo ni sehemu ya Kanada, katika familia yenye asili ya Ireland. Alikuwa seremala, na yeye na mkewe waliishi New York. Mwaka 1862 alisafiri kwenda Boston kusuluhisha ugomvi wa ndugu zake. Usuluhishi ukashindikana, na ndugu wakamgeukia yeye. Kwa uchungu akaanza kunywa pombe, akanywa mpaka fedha zote zikamwishia. Akaona haya kurudi kwa mkewe mikono mitupu. Mwezi Septemba akajiandikisha katika Kikosi cha 28 cha Massachusetts, kilichojaa watu wa asili ya Ireland.

Kwa hiyo mlango wa kwanza uliomwingiza vitani haukuwa uzalendo wala haki. Ulikuwa aibu. Tungempima siku ile kwa sharti la tatu la Mtakatifu Thomas, tungesema nia yake haikuwa imenyooka.

Maisha ya kambini

Mshahara wa askari wa cheo cha chini ulikuwa dola 13 kwa mwezi, na mara nyingi ulichelewa huku wake na watoto wakisubiri nyumbani. Chakula kikuu kilikuwa biskuti kavu, ngumu kama kigae, nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, na kahawa. Bunduki ilishindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wake, na askari hodari aliweza kufyatua kama mara tatu kwa dakika moja.

Hata hivyo adui mkubwa zaidi hakuwa risasi. Zaidi ya askari 600,000 walikufa katika vita vile, na wengi wao waliuawa na magonjwa: kuhara, homa ya matumbo, surua, nimonia. Vijana wa mashambani walirundikana kambini, maji yakachafuka, nao wakafa kabla ya kumwona adui.

Desemba 13, 1862, Welsh alikuwa Fredericksburg, Virginia. Brigedi ya Waireland, ambayo kikosi chake kilikuwa ndani yake, iliamriwa kupanda mteremko ulio wazi kuelekea ukuta wa mawe, na nyuma ya ukuta huo adui walikuwa wamejipanga. Kati ya watu wapatao 1,200, zaidi ya 500 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea siku hiyo. Welsh alipona. Miezi michache baadaye alipandishwa cheo na kukabidhiwa bendera ya kijani ya kikosi. Mbeba bendera alilengwa kwanza na adui; yeye aliipokea kazi hiyo kama heshima.

Mabishano ya mume na mke

Margaret hakufurahia hata kidogo. Barua za mumewe zinaonyesha wazi kwamba alikuwa akimjibu mwanamke aliyeuliza kwa nini ameachwa peke yake. Katika kumjibu, seremala huyu alilazimika kufikiri. Alieleza kwamba serikali ilikuwa halali na waasi hawakuwa na sababu ya haki ya kuivunja nchi. Alieleza pia kwamba watu wa mataifa yote, wakiwemo maskini wa Ireland waliokimbilia Marekani, wangepata hasara kama taifa huru lingesambaratika. Hapo tunayaona masharti mawili ya kwanza yakijadiliwa, tena na mtu ambaye hakuwa mwanafalsafa. Alianza kwa aibu. Sasa alikuwa akitafuta sababu.

Lakini tusimfanye mtakatifu. Vita vile vilitokana na utumwa wa watu weusi, nasi tunaosoma habari hizi tukiwa Waafrika hatuwezi kuupita ukweli huo kimyakimya. Katika barua zake Welsh aliandika kwamba chuki dhidi ya watu weusi ilikuwa kali jeshini, hasa katika vikosi vya Waireland, na lugha yake mwenyewe juu yao ni ya dharau. Alikubali utumwa ufutwe kama ulikuwa kikwazo kwa taifa, si kwa sababu aliona mtumwa ni ndugu yake. Na wakati huohuo watu weusi wapatao 180,000 waliingia katika jeshi hilohilo, wakilipwa pungufu kuliko weupe mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 1864.

Hapa kuna fundisho gumu. Mtu anaweza kupigana upande wenye haki na bado moyo wake ukabaki na giza. Sababu ya haki haimtakasi anayeipigania. Ndiyo maana Mtakatifu Thomas hakuishia kwenye sharti la pili.

Padre juu ya jiwe

Julai 2, 1863, huko Gettysburg, muda mfupi kabla Brigedi ya Waireland haijaingia mapiganoni, Padre William Corby alisimama juu ya jiwe, akawahimiza askari watubu kwa moyo, akawapa maondoleo ya jumla. Hapakuwa na nafasi ya kumsikiliza kila mmoja. Hata leo sheria ya Kanisa inaruhusu jambo hili panapokuwa na hatari ya kifo iliyo karibu na muda hautoshi, kwa sharti kwamba mwamini akusudie kuungama dhambi zake kubwa moja moja baadaye, akipata nafasi. Padre hakuwauliza kwanza kila mmoja aliingiaje jeshini. Waliokuwa mbele yake walikuwa walevi, wenye chuki, waoga na wenye imani, na wote walihitaji huruma ileile.

Mei 12, 1864, huko Spotsylvania, Welsh alipigwa risasi mkononi. Mwanzoni alimwandikia mkewe kwamba jeraha si kubwa. Lakini madaktari wa wakati ule hawakujua habari za vijidudu, na damu yake ikaingia sumu. Alifariki mwishoni mwa mwezi huo katika hospitali mjini Washington.

Tunajifunza nini?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba wanajeshi wanaotimiza wajibu wao kwa uadilifu wanachangia kweli manufaa ya wote. Inafundisha pia kwamba utii wa upofu hautoshi kumwondolea mtu hatia ya kutenda yaliyo kinyume cha haki. Basi masharti ya Mtakatifu Thomas hayaishii ikulu. Yanashuka hadi kwa seremala mwenye bunduki, na hasa lile la nia, maana hilo hakuna rais anayeweza kumtimizia.

Ukanda wetu wa Maziwa Makuu unazijua vita za namna hii, na watu waliowahi kubeba silaha wapo wanaosali nasi, pengine benchi la nyuma. Parokiani tunajua kunong'ona juu yao. Nasi tunaojiandaa kwa upadre, siku moja mmoja wao atapiga magoti mbele yetu katika kitubio. Tusianze kwa kumuuliza alikuwa upande gani. Tumsikilize mpaka mwisho.